KUNASA SAUTI NYUMBANI KWA FEDHA KIDOGO

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Maneno yaliyosemwa redioni yamechapwa hapa ili mwanafunzi ayasome tena kwa nafasi yake.

  

Leo tutazungumza juu ya kunasa sauti ya mtu nyumbani. Zamani kazi hii ilikuwa ya watu wenye mashine za thamani na vyumba maalumu. Siku hizi simu nyingi za mkononi zaweza kuinasa sauti na kuihifadhi. Kwa hiyo kupata mashine si shida kubwa kama zamani. Shida ni hii: wengi wetu tunanasa, kisha tukisikiliza twamsikia msemaji kama yumo ndani ya pipa. Au twasikia feni na pikipiki kuliko maneno yake. Hapo mtu hulaumu simu. Huenda dukani, hununua maikrofoni, hurudi nyumbani, na sauti inabaki vile vile.

Basi, jambo la kukumbuka katika somo la leo ni moja. Chumba kwanza, mashine baadaye. Mkikitengeneza chumba, hata simu ya kawaida itawapa sauti inayosikika vizuri. Msipokitengeneza, maikrofoni ya bei kubwa itanasa ubaya wa chumba kwa uhodari zaidi.

KWA NINI TUNASE SAUTI?

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, alisafiri pamoja na wanamuziki wenzake mpaka Bombay, katika nchi ya India. Walikwenda ili nyimbo zao zinaswe kwenye sahani za santuri. Siti alizaliwa Fumba, katika nyumba ya watu maskini, wala hakupata kusoma shule. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika kitabu cha maisha yake. Lakini hata leo mtu aweza kuisikia sauti ya Siti mwenyewe. Fikirini: ilimbidi avuke bahari ili sauti yake isipotee.

Mwaka 1950, na tena mwaka 1952, Hugh Tracey alizunguka Afrika Mashariki na mashine zake, akinasa ngoma na nyimbo za watu wa sehemu mbalimbali. Alizoea kuishika maikrofoni mkononi na kuisogeza karibu na mwimbaji. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, na hazina yake imehifadhiwa humo mpaka leo, katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Siti aliifuata mashine ng'ambo. Tracey aliwaletea watu mashine kwa gari. Sisi mashine tunayo mfukoni. Basi tujiulize: sauti za wazee wetu ziko wapi? Bibi ajuaye hadithi arobaini, mzee ajuaye mipaka ya mashamba na majina ya walioyalima, mkunga wa zamani, fundi wa majahazi, wote hawa wana maarifa ambayo hayamo katika kitabu chochote. Tena sauti ya mzee haingojei. Mwaka ujao huenda meno yamepungua, au kumbukumbu imefifia, au mwenyewe hayupo. Ukiharibu kunasa leo, pengine hutapata nafasi ya pili.

Iko na sababu nyingine, na hii inawahusu ninyi mnaojifunza kusoma. Mtu aliyejua kusoma aweza kumsomea asiyeona, au jirani ambaye bado hajajua kusoma. Akisoma mara moja na sauti ikanaswa, watasikiliza watu wengi, kila mmoja kwa wakati wake. Maelekezo ya kutumia mbolea, maelezo ya zahanati juu ya watoto, habari za chama cha ushirika, yote yaweza kusomwa na mmoja wenu na kuwafikia wengine.

SAUTI HUFANYA NINI NDANI YA CHUMBA?

Mtu akisema, sauti yake haiendi kwenye maikrofoni peke yake. Inakwenda pande zote. Ikikutana na ukuta mgumu inarudi, kama mpira unaodunda sakafuni. Kisha inakutana na ukuta wa pili na kurudi tena. Sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde moja. Katika chumba chenye upana wa mita 3, sekunde moja inatosha sauti kuvuka toka ukuta hadi ukuta zaidi ya mara 100. Kurudi huko kwa sauti ndiko tunakoita mwangwi. Masikio yetu yamezoea mwangwi wa nyumbani, hata hatuuoni kuwa kitu. Lakini maikrofoni haina mazoea. Inanasa maneno, na mwangwi wa maneno hayo, vyote pamoja. Hapo ndipo sauti huwa kama ya pipa.

Sasa utupeni ule mpira juu ya godoro. Je, utadunda? Hautadunda. Sauti nayo ni hivyo hivyo. Saruji, vigae, vioo na mabati huirudisha. Godoro, blanketi nzito, mito, magunia na nguo nyingi zilizotundikwa huinywa.

(Kiongozi wa darasa azime redio kwa dakika mbili. Kila mwanafunzi apige kofi moja kwa nguvu, wengine wakinyamaza. Je, kuna mlio unaobaki baada ya kofi?)

Haya, mmesikia? Jioni kila mmoja aende nyumbani apige kofi katika kila chumba. Bafu lenye vigae litalia sana. Sebule yenye sakafu tupu italia kiasi. Chumba cha kulala, chenye kitanda na nguo, kitalia kidogo kuliko vyote. Chumba hicho ndicho mtakachokitumia.

Na hapa kuna jambo litakalowafurahisha baadhi yenu. Si lazima nyumba ya tajiri iwe bora kwa kazi hii. Nyumba ya saruji yenye dari ngumu na sakafu ya vigae ina mwangwi mwingi. Paa la makuti au la nyasi hunywa sauti, tena mvua ikinyesha haipigi kelele kama juu ya mabati. Mwenye nyumba ya makuti anayo tayari sehemu ya studio.

KELELE ZA NJE

Tusichanganye mambo mawili. Mwangwi huzaliwa ndani, na dawa yake ni vitu laini. Kelele za nje ni jambo jingine. Godoro halitazuia mlio wa pikipiki. Kinachozuia kelele za nje ni uzito, kama ukuta mnene wa matofali, pamoja na kuziba nafasi. Sauti hupita kwenye nafasi kama moshi. Mlango mzuri wenye uwazi wa vidole viwili chini yake ni mlango wazi. Wekeni taulo au gunia lililokunjwa chini ya mlango, na tundikeni blanketi juu ya dirisha.

Hata hivyo dawa rahisi kuliko zote haiuzwi. Dawa hiyo ni saa. Kaeni siku moja mkiandika kelele za mtaa wenu na saa zake: watoto kutoka shule, mashine ya kusaga, adhana na kengele, majogoo, muziki wa dukani. Mtaona ziko saa ambazo mtaa hunyamaza. Kwa wengine ni saa nne ya usiku, kwa wengine ni saa nane ya mchana watu wanapopumzika. Naseni katika saa hizo.

Kisha tazameni kelele za ndani ya nyumba yenyewe. Zimeni feni. Zimeni redio na televisheni. Saa ya ukutani yenye kupiga tik-tik itoeni nje. Friji nayo ina mvumo ambao hamuusikii kwa sababu mmeuzoea. Izimeni kwa muda wa kunasa, na mwekeni ufunguo wa mlango wa nyumba ndani ya friji hiyo. Hamtaweza kufunga nyumba na kuondoka bila kukumbuka kuiwasha tena, wala samaki hawataoza.

KUTENGENEZA KIBANDA CHA SAUTI

Sasa tujenge. Hatuhitaji fundi. Tunahitaji vitu vilivyomo nyumbani: godoro moja, blanketi mbili nzito au tatu, kamba, taulo, na kiti kisicholia.

Kwanza, chagueni upande wa chumba ulio mbali na barabara na mbali na dirisha. Msikae katikati ya chumba kitupu, wala karibu sana na ukuta mtupu.

Pili, simamisheni godoro nyuma ya msemaji. Maikrofoni inamtazama msemaji, na nyuma yake inauona ukuta. Ukuta huo ndio unaostahili kufunikwa mapema.

Tatu, fungeni kamba na kutundika blanketi mbele ya msemaji, nyuma ya simu, na nyingine ubavuni. Blanketi isishikane na ukuta. Ikiwa mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja, itakunywa sauti zaidi. Kanga moja haitoshi, kwa maana ni nyepesi. Inapunguza sauti nyembamba tu, na ile nzito inapita na kurudi. Mwenye kabati la nguo aweza kulifungua na kumkalisha msemaji akiielekea milango yake. Nguo zilizojaa kabatini zinafanya kazi nzuri sana.

Nne, tandikeni kitu sakafuni. Mkeka unasaidia kidogo, zulia au blanketi linasaidia zaidi. Juu ya meza wekeni taulo iliyokunjwa, kwani meza tupu nayo ni ukuta uliolala.

Mtaona watu wakibandika trei za mayai ukutani. Msipoteze nguvu zenu. Trei hizo ni nyembamba na nyepesi, kwa hiyo hazinywi sauti nzito wala hazizuii kelele za nje. Tena zinashika moto upesi.

Na kwa kuwa tumetaja moto, sikilizeni vizuri. Ndani ya kibanda cha blanketi msiwashe mshumaa, kibatari, wala jiko. Blanketi hushika moto, na moshi wa mkaa katika mahali palipofungwa huua mtu bila kelele. Tumieni tochi. Kibanda kina joto. Kila baada ya nusu saa fungueni mlango mpate hewa, hasa akiwamo mzee au mtoto.

Kama hamna chumba kabisa, nendeni nje. Uwanja wazi hauna kuta, kwa hiyo hauna mwangwi. Chini ya mwembe, mbali na barabara, siku isiyo na upepo, mtapata sauti safi. Lakini upepo ukivuma kwenye maikrofoni hufanya ngurumo inayofuta maneno. Siku ya upepo rudini ndani.

SIMU NA MAIKROFONI

Maikrofoni ni sikio la mashine. Watu wengine huita kipaza sauti. Kila simu inayo. Katika simu nyingi ni tundu dogo upande wa chini, karibu na pale panapoingia waya wa chaji. Litafuteni tundu hilo, na msilizibe kwa kidole. Msiishike simu mkononi wakati wa kunasa, maana kila mwendo wa vidole utasikika. Iwekeni juu ya vitabu au kopo, juu yake taulo, tundu likimwelekea msemaji.

Umbali uwe shubiri moja, yaani toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo mkiwa mmetanua kiganja. Ni kama sentimita 20. Umbali una nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Mkitoka shubiri mbili mkaja shubiri moja, nguvu ya sauti inayofika moja kwa moja kutoka kinywani inakuwa mara nne, na mwangwi wa chumba unabaki ulivyo. Kwa hiyo kusogea karibu ni sawa na kukinyamazisha chumba, tena ni bure.

Lakini ukikaribia sana kuna adui mwingine. Wekeni kiganja mbele ya kinywa na mseme: papa, pepo, pipa, bibi. Mmesikia upepo? Upepo huo ukipiga maikrofoni hulia "puu". Dawa ni kuiweka maikrofoni kando kidogo ya kinywa, upepo upite pembeni. Dawa ya pili ni duara la waya lililovalishwa soksi ndefu nyepesi ya kike, likae katikati ya kinywa na maikrofoni. Ila msikate chandarua kizima cha kulalia kwa kazi hii. Malaria ina gharama kuliko sauti mbaya.

Je, mkipata fedha kidogo, mnunue nini? Fuateni utaratibu huu.

1. Kwanza nunueni hedifoni, yaani visikilizio vya kuvaa masikioni. Bila hivyo hamtajua mmenasa nini, maana spika ndogo ya simu inaficha mvumo na mwangwi.

2. Pili nunueni mahali pa kuhifadhia sauti, kama kadi ya simu au flashi.

3. Tatu nunueni maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo. Hukaa kifuani, shubiri moja chini ya kidevu. Angalieni isiguswe na mkufu wala mkunjo wa kanga, maana msuguano wake unasikika kama mtu anapangusa meza.

4. Nne, na hili ni kwa darasa lenye kompyuta tu, nunueni maikrofoni ya mezani inayochomekwa kwenye kompyuta. Programu ya kunasa na kukata sauti msinunue. Iko Audacity, inayotolewa bure.

Kabla ya kulipa, chomekeni maikrofoni kwenye simu yenu pale pale dukani, nasa maneno machache na kusikiliza. Simu nyingi za siku hizi hazina tundu la mviringo la kuchomekea waya, na kifaa cha jirani huenda kisiingie katika simu yako. Anayekataa kifaa kisijaribiwe, muageni kwa adabu mwende duka jingine.

SIKU YA KUNASA

Muombeni mwenye sauti ruhusa. Mwelezeni mzee kwa maneno rahisi kwamba sauti yake itawekwa, na nani ataisikia. Kama iko habari asiyotaka itoke nje ya ukoo, basi isitoke. Sauti ya mtu ni mali yake.

Simu iwe na chaji ya kutosha, na mtandao wake uzimwe kwa ile alama ya ndege, isije ikaita katikati ya hadithi. Aliyevaa bangili azivue. Anayesoma karatasi azitandaze zote mbele yake, ili asigeuze ukurasa huku anasema. Maji ya kunywa yawepo, kwani kinywa kikavu hulia.

Kisha jaribuni. Msemaji aseme kwa sauti ya juu kabisa atakayoitumia. Katika programu nyingi za kunasa kuna mstari unaopanda na kushuka. Upande vizuri, lakini usigonge mwisho. Ukigonga mwisho sauti hupasuka, na sauti iliyopasuka hairekebishiki. Iliyo ndogo kidogo yaweza kuongezwa baadaye.

Sikilizeni jaribio kwa hedifoni. Mwangwi upo? Sogeeni karibu, ongezeni blanketi. Mvumo upo? Mtafuteni anayevuma. Msemaji naye akisikia sauti yake atashangaa, atasema, "Hii si sauti yangu." Mwambieni ni yake. Siku zote mtu hujisikia kwa hewa na pia kwa mifupa ya kichwa chake mwenyewe, na mifupa hunenepesha sauti. Mashine inanasa ile ya hewani tu, ambayo wengine wameisikia miaka yote.

Mkianza, mmoja ataje tarehe, mahali, na jina la msemaji. Kisha nyamazeni sekunde 30, mashine ikiendelea. Kimya hicho ni kimya cha chumba chenu, na mtu wa kompyuta atakitumia baadaye kupunguza mvumo. Halafu mzee aanze.

Anayemhoji mzee aitikie kwa kichwa. Yale "ee" na "naam" ya kila baada ya neno huwachosha wasikilizaji. Lakini hadithi ina desturi zake. Bibi akiita "Paukwa!", watoto waitikie "Pakawa!" kwa furaha yao yote, kwa kuwa maitikio ni sehemu ya hadithi. Na mzee akinyamaza, msikimbilie swali jingine. Mara nyingi jambo kubwa huja baada ya kimya. Akikosea, msimkatize, mwacheni arudie sentensi, la zamani litakatwa baadaye.

Mkimaliza, sikilizeni mwanzo, katikati na mwisho kabla mzee hajaondoka. Kama kuna kasoro, yuko pale pale.

KUHIFADHI

Tupige hesabu kidogo. Sauti ya mtu mmoja iliyonaswa kwa ukamilifu, bila kubanwa, huchukua karibu megabaiti 5 kwa dakika moja. Saa moja ina dakika 60. Kwa hiyo:

5 × 60 = 300. Saa moja ni karibu megabaiti 300.

Gigabaiti 1 ni karibu megabaiti 1,000. Kwa hiyo gigabaiti 1 huchukua kama saa 3. Kadi ya gigabaiti 32 huchukua karibu saa 100. Saa 100 ni hadithi nyingi sana za bibi.

Iandikeni kila sauti jina lake, kwa mfano: tarehe, jina la mzee, jambo alilosimulia. Sauti isiyo na jina ni kama barua isiyo na anwani. Kisha wekeni nakala tatu. Moja ibaki katika simu, ya pili iwe katika kadi au flashi, na ya tatu ikae katika nyumba nyingine kabisa. Simu huanguka majini, na nyumba huungua. Mwenye nakala moja tu ahesabu kwamba hana kitu.

TUKUMBUSHANE

Ndugu wanafunzi, saa yetu inakwisha. Tumeona kwamba godoro, blanketi na saa tulivu vinafanya kazi kubwa kuliko maikrofoni ya bei kubwa. Tumeona kwamba umbali wa shubiri moja haununuliwi. Tumeona kwamba ruhusa huombwa kabla ya kunasa, na nakala huwekwa baada yake.

Darasa lichague mzee mmoja wa kijiji au mtaa wenu, mwenye jambo la kusimulia. Msingoje mpate vyombo zaidi. Mfuateni wiki hii, mkapange naye siku na saa anayoiona inafaa.

Maswali ya kujibu darasani

1. Mwangwi ni nini? Unatoka wapi?
2. Kwa nini godoro halizuii kelele za pikipiki?
3. Katika nyumba yenu, ni chumba gani kinachofaa kunasia sauti? Eleza sababu.
4. Sauti ya dakika 20 itachukua megabaiti ngapi?
5. Kwa nini haifai kuwasha mshumaa au jiko ndani ya kibanda cha blanketi?
6. Mkiwa na fedha za kununua kitu kimoja tu, mtanunua kipi? Kwa nini?

Maneno ya kujifunza kusoma na kuandika

mwangwi – sauti inayorudi baada ya kugonga kitu kigumu
mvumo – mlio mzito usiokatika, kama wa friji
shubiri – kipimo cha kiganja kilichotanuliwa
hedifoni – visikilizio vya kuvaa masikioni
nakala – kitu cha pili kilicho sawa na cha kwanza

Kazi ya nyumbani

Andika sentensi tano juu ya kelele za mtaa wenu, na saa zake. Uje nazo darasani, muzisome kwa sauti, na sauti hizo zinaswe.